Ndege Haibi

Huku kwetu Siaya, mtu akichimba kidimbwi cha samaki nyuma ya nyumba, haipiti miezi miwili kabla hajaanza kulalamika kuhusu wezi. Ukimuuliza wezi gani, hatawataja vijana wa senta. Atakuonyesha juu ya mti, alipokaa ndege mweusi aliyetandaza mabawa kama mtu anayeanika koti. Huyo ni mnandi. Manyoya yake hulowa anapopiga mbizi, kwa hivyo akishakula hukaa juani akiyakausha, na wakati huo wote anakutazama bila haya. Shangazi yangu husema, "Mwizi ameshiba, sasa anaota jua."

Nimelifikiria hilo neno, mwizi, kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu aliye na kazi ya kufanya. Kumwita kiumbe mwizi ni kufungua mlango wa mambo yanayofanyiwa wezi, na sisi Wakenya tunayajua vizuri. Mwizi wa kuku akishikwa sokoni, wengi hawasubiri polisi. Anatafutiwa mawe na tairi. Neno likishatamkwa, kesi imekwisha. Ndiyo maana naona swali hili lina uzito: je, ndege anayekula samaki wa kidimbwi anaiba? Na kama haibi, mwenye samaki ana haki ya kumfanya nini?

Wala si swali la mtu aliyeshiba. Shangazi alinunua vifaranga 600 vya ngege kwa shilingi 10 kila kimoja. Kifaranga huchukua karibu miezi sita hadi minane kufikia ukubwa wa kuuzwa, na miezi hiyo yote ni pumba, ni mbolea ya kuku, ni kuamka mapema kuangalia maji. Mwisho wake ni karo ya muhula mmoja ya binamu yangu. Mnandi hajui karo. Anachojua ni maji ya kina kifupi yaliyojaa samaki wasio na pa kujificha. Ukikitazama kutoka juu, kidimbwi ni sahani. Mdiria hupepea hewani pale pale, halafu huanguka kama jiwe na kutoka na kifaranga mdomoni. Korongo hana haraka. Husimama ukingoni kama askari wa zamu mpaka samaki wasahau kwamba ana uhai. Fundichuma hutembea topeni akikoroga kwa miguu, aone nini kitaruka.

Mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi, ilipanga kuchimba vidimbwi 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, kila kimoja mita 300 za mraba. Ilikuwa habari njema kwa wakulima, na kwa mnandi pia. Sahani zilitandazwa nchi nzima.

Sasa turudi kwenye wizi. Ili mtu aibe, lazima pawe na kitu cha mwenzake, na lazima ajue, au aweze kujua, kwamba ni cha mwenzake. Mtoto wa mwaka mmoja akichukua simu yako na kuitumbukiza kwenye uji, umepata hasara lakini hujaibiwa. Mtu akitoka msikitini na viatu vyako kwa kudhani ni vyake, utamfuata mbio, na akikurudishia mtacheka. Ndege yuko mbali zaidi hata ya hao. Mtoto siku moja ataelewa. Mwenye viatu ataomba radhi. Mnandi hana siku atakayoelewa kwamba samaki wa ziwani ni wa yeyote na samaki wa hapa ni wa shangazi. Umiliki ni makubaliano ya watu, na yeye hakuitwa kwenye kikao. Hati ya shamba haisomeki kutoka juu.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba kitu cha asili huwa changu ninapokichanganya na kazi yangu. Alitoa hata mfano wa samaki wa baharini, kwamba huwa mali ya yule aliyehangaika kumvua. Nilikutana na hoja hiyo chuoni kabla sijaacha masomo, na niliipenda kwa sababu inamheshimu mtu wa kazi ya mkono. Lakini ukikaa kando ya maji ukaifikiria, inaanza kuchekesha. Mnandi naye amehangaika. Ametoka ziwani mpaka hapa, amezama, amefukuza, amekosa mara tatu na kupata mara ya nne. Kama jasho ndilo hati, basi ana hati.

Locke angejibu kwamba haki hiyo ni ya wanadamu peke yao. Sawa, nakubali. Lakini kama kanuni ni ya wanadamu peke yao, basi hata kuivunja ni kwa wanadamu peke yao. Huwezi kumtoa ndege kwenye sheria wakati wa kugawa haki, halafu ukamrudisha wakati wa kugawa adhabu.

Kuna watu watanyakua hoja hii na kukimbia nayo upande wa pili. Watasema ndege ndiye mwenyeji na sisi ndio wavamizi. Wana ushahidi pia. Kinamasi cha Yala, hapa chini yetu, kilikuwa kikubwa zaidi kabla ya sehemu yake kukaushwa miaka ya 1960 kwa ajili ya mashamba. Mahali pa mafunjo na kambare pakawa mahindi. Hata ngege tunayemfuga si mwenyeji. Samaki anayeuzwa kwa jina hilo leo kwa wingi ni perege wa Nile, aliyeletwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na ngege wa asili, yule ambaye babu zetu walimpa jina, sasa ni wa kutafutwa kwa tochi. Kwa hivyo mnandi anamla samaki mgeni katika maji ya kuchimbwa, ndani ya nchi iliyokuwa yake. Ukisimulia hivyo, shangazi ndiye anaonekana mwizi.

Lakini si haki. Shangazi hakukausha kinamasi. Hakumleta samaki yeyote kutoka Nile. Alizaliwa akakuta mambo yako hivyo, kama vile mnandi wa leo alivyotoka kwenye yai akakuta mambo yako hivyo. Hoja ya nani alitangulia ni tamu, nasi Wakenya tunaipenda sana hasa ikikaribia uchaguzi, ila haimlipii mtoto karo. Nikiwapima wote wawili kwa haki, simwoni mwenye hatia. Naona viumbe wawili wanaohitaji samaki wale wale.

Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Tumezoea kufikiri kwamba penye hasara pana mkosaji, na tukimpata mkosaji tunajua la kufanya. Hasara isiyo na mkosaji hutuchanganya, kwa hivyo tunamtengeneza mkosaji. Tunampa ndege jina la mwizi ili hasira ipate mahali pa kukaa.

Nadhani kuna njia nyingine. Mtoto mdogo akikimbia uwanjani na panga mkononi, utamnyang'anya panga, tena kwa nguvu ikibidi, hata akilia. Hutamkata ili kumlipiza. Kutokuwa na hatia hakumpi haki ya kuendelea kukimbia na panga, ila kunaweka mpaka kwenye kile unachoweza kumfanya. Hivyo hivyo kwa ndege. Shangazi ana haki kamili ya kumzuia. Anaweza kumfukuza, kumfungia njia, kumnyima chakula alichokuja kutafuta, hata kama siku hiyo atalala njaa. Haki asiyokuwa nayo ni ya kumwadhibu, kwa sababu hakuna kosa la kuadhibiwa. Kuzuia na kuadhibu vinaweza kufanana kwa nje, lakini kuna swali dogo linalovitenganisha: kama samaki wangekuwa salama sasa hivi, ningeendelea na hiki ninachofanya? Anayezuia atasema hapana, atarudi nyumbani. Anayeadhibu bado ana deni la kudai.

Swali hilo linafanya kazi. Chukua ile desturi ya kumuua ndege mmoja na kumtundika kwenye mti ili wenzake waone. Hiyo ni siasa ya watu, wala ndege hawaifuati. Kidimbwi kikibaki wazi, nafasi ya aliyekufa itachukuliwa na mwingine. Samaki hawajawa salama hata kidogo, ila mwenye kidimbwi anajisikia amefanya kitu. Methali inasema siku za mwizi ni arobaini. Mnandi atakuja siku ya arobaini na moja, kwa sababu methali ilitungwa kwa ajili ya watu.

Au chukua sumu. Bunyala, kule Busia kwenye mashamba ya mpunga, si mbali na sisi. Kwa miaka mingi watafiti wa ndege wameandika jinsi dawa ya wadudu ya kabofurani ilivyotumika pale kuua ndege. Konokono walipakwa dawa na kutawanywa majini, na korongo walio hai walifungwa miguu shambani ili kuwaita wenzao watue. Nia haikuwa hata kulinda shamba. Ndege walichunwa na kuuzwa kama kitoweo. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza dawa hiyo iliiondoa katika soko la Kenya baada ya kelele kuhusu simba waliouawa nayo. Lakini somo lilikuwa limeshaenea kwamba chupa ndogo kutoka agroveti inaweza kufanya kazi ya walinzi kumi.

Nayaelewa mahesabu ya chupa ile. Ni rahisi, ni ya haraka, haihitaji nguzo wala kamba. Lakini sumu haichagui. Haimjui mnandi aliyekula samaki wako wala yangeyange aliyepita tu kutafuta panzi. Haimjui mbwa atakayeokota mzoga wala mtoto wa jirani. Hata ungekubaliana nami kwamba ndege ana hatia, sumu ingekuwa hukumu kwa kijiji kizima kwa kosa la mmoja. Na kwa kuwa hana hatia, hakuna hata huyo mmoja.

Kuna mahali kanuni yangu inachechemea, na ni vizuri niseme. Mwaka 2023 kwelea walivamia mashamba ya mpunga ya Kisumu kwa mamilioni, na serikali ikawanyunyizia sumu. Huwezi kufunika mashamba yote ya mpunga kwa wavu. Pale ambapo kuzuia hakuwezekani kabisa na watu watalala njaa, sitamhubiria mkulima. Nitasema tu kwamba kuua kunabaki jambo la mwisho, baada ya mengine yote kujaribiwa, na hata hapo tusiliite haki, tuliite shida. Kidimbwi cha nyuma ya nyumba hakijafika huko. Mita 300 za mraba ni mita 15 kwa 20. Zinafunikika.

Zinafunikika kwa wavu, na hata wavu una maadili yake. Wavu mzuri una uzi mnene ambao ndege anauona, umekazwa juu ya nguzo usilegee, na pembeni unashuka mpaka chini, kwa sababu korongo asipoweza kutua atatembea. Ndege akiuona anageuka. Wavu mbaya ni zile nyavu za uzi mwembamba wa plastiki, zilizopigwa marufuku ziwani lakini zinapatikana kwa bei ya kutupa. Ukiutandaza huo juu ya maji, ndege haoni kitu. Anaingia, ananasa bawa, anahangaika, anakufa polepole akining'inia. Bundi wa usiku hunasa pia, na popo. Mwenye kidimbwi atasema ameweka kinga tu. Nikimuuliza swali langu dogo, tutajua. Kinga hufurahi ndege akiona na kwenda zake. Mtego hufurahi akija.

Kuna na mengine yasiyo na gharama kubwa. Kingo zichimbwe wima, maji yawe na kina tangu ukingoni, korongo akose pa kusimama. Vipande vya bomba na matofali matupu vizamishwe chini, samaki wapate pa kukimbilia. Vifaranga vilelewe kwanza kwenye kizimba cha wavu mpaka viwe vikubwa kuliko mdomo wa mdiria. Kamba zivutwe juu ya maji na sidii kuukuu zining'inizwe zimetemete. Sanamu ya mtu ni sawa, lakini ihamishwe, maana ndege huizoea haraka na baada ya hapo ataikalia kichwani.

Na kuna njia ya zamani kuliko zote. Kiswahili kina kitenzi ambacho vijana wa rika langu karibu tumekipoteza: kuamia. Ni kukaa shambani kuwafukuza ndege wasile nafaka. Aliyeamia alijengewa dungu, akakaa juu na mawe yake na sauti yake kuanzia alfajiri. Nalipenda neno hili kwa sababu ndani yake hamna kisasi. Waliolitumia walijua kwamba ndege watakuja na kwamba mtu lazima awepo. Hawakuhitaji kumwita ndege jina baya ndipo walinde mtama.

Ila tusilipambe. Kuamia kulikuwa kazi, na kazi hiyo alipewa yule ambaye muda wake ulionekana hauna bei, mara nyingi watoto. Mtoto aliyekuwa kwenye dungu hakuwa darasani. Kwetu mwenye muda usio na bei ni mimi. Naandika makala za kulipwa moja moja, kwa hivyo familia nzima inaamini kwamba niko huru. Saa kumi na mbili asubuhi niko kando ya maji na laptopu mapajani na rundo la changarawe karibu. Ndege wangu hawaumizwi na mtu. Sifa ni yangu. Lakini sifa hiyo imenunuliwa kwa saa za mtu, na kama si mimi angekuwa binamu yangu, yule yule ambaye samaki ni karo yake.

Hili ndilo watu wa mjini wanaopenda ndege hawaliweki kwenye mahesabu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuua wanyama wa porini bila kibali, na ni sheria nzuri. Sheria hiyo hiyo ina orodha ya wanyama ambao hasara wanayosababisha hulipiwa fidia. Wamo ndovu, simba, chui, fisi, mamba, kiboko, nyati. Ndege hayumo. Hata kwa waliomo, familia nyingi zimesubiri fidia kwa miaka. Kwa hivyo shangazi anaambiwa, usimguse, ni wa wote. Lakini samaki aliyeliwa si wa wote, ni wake peke yake. Huruma ya taifa zima inalipwa na mama mmoja wa Siaya.

Rafiki yangu wa Mombasa aliniambia kwamba katika dini yake, mtu akipanda mti na ndege au mnyama akala matunda yake, mpandaji anaandikiwa sadaka. Ni fundisho zuri, na linaondoa sumu ya lile neno mwizi kuliko hoja yangu yoyote. Kilicholiwa hakijapotea, kimehesabiwa mahali. Lakini hata sadaka ina mipaka yake. Hakuna atakayemlaumu mama akifunika chungu ili watoto wale kwanza. Samaki wawili watatu kwa mdiria, hiyo nitaiita sadaka. Kidimbwi kizima nikikiita sadaka, nitakuwa natoa sadaka mali ya mtu mwingine.

Wapo watakaoniuliza, na wameshaniuliza, kwa nini nijadili haki za ndege katika nchi ambayo watu hawana unga. Naona swali limekaa kichwa chini. Watu wasio na unga ndio wanaokutana na jambo hili kila siku: kuumizwa na asiye na hatia, kisha kuwa na chupa mkononi. Ng'ombe wa mfugaji anayekimbia ukame, mgeni aliyehama mafuriko akajenga kibanda ukingoni mwa shamba lako, mtoto wa mtaani anayelala kwenye kizingiti cha duka lako. Wote wanakugharimu, na si wote wamekukosea. Aliyejifunza kumzuia mnandi bila kumchukia amefanyia mazoezi jambo gumu mahali ambapo makosa yanagharimu samaki tu.

Kwa hivyo pendekezo langu ni la kawaida kabisa. Anayepanga kuchimba kidimbwi aandike bei ya wavu wa uzi mnene kwenye karatasi ile ile yenye vifaranga na pumba, si chini kabisa palipoandikwa mengineyo. Kaunti ikigawa vifaranga, igawe na wavu. Na mla samaki wa mjini akiambiwa bei imepanda kidogo kwa sababu ya nguzo na kamba, asibishane sana. Kumwacha asiye na hatia aende zake salama kuna bei, na bei hiyo isiachiwe mtu mmoja mwenye changarawe mkononi.